Idhini Iliyonunuliwa kwa Wimbo: Ufisadi wa Mji Mdogo katika Kipindi cha "Marge vs. the Monorail"

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kipindi kimoja cha tamthilia ya katuni ya Marekani, The Simpsons, kilichorushwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1993, kama tashtiti ya siasa za mji mdogo. Hoja kuu ni kwamba ufisadi unaochorwa humo hauhitaji bahasha wala siri. Unatendeka mkutanoni, mbele ya macho ya watu wote, na kinachonunuliwa ni idhini yao. Uchambuzi umeegemea maswali yanayoulizwa na wahusika na namna yanavyojibiwa. Baada ya hapo unatazamwa msamiati wa Kiswahili unaohusu jambo hili, visa viwili vya kweli kutoka miji midogo ya Marekani, na mikutano ya hadhara ya Tanzania na Kenya ambayo kisheria inatarajiwa kuzilinda fedha za umma.

Utangulizi

The Simpsons, iliyobuniwa na Matt Groening, ilianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman, kisha ikawa tamthilia kamili katika televisheni ya Fox mwezi Desemba 1989. Kipindi kinachojadiliwa hapa ni cha msimu wa nne. Kiliandikwa na Conan O'Brien, ambaye baadaye alipata umaarufu zaidi kama mwendeshaji wa mahojiano ya usiku, na kuongozwa na Rich Moore. Muda wake haufiki nusu saa. Hata hivyo, miongo mitatu baadaye, Wamarekani wanapobishana juu ya mradi mkubwa wa usafiri ambao faida yake haijulikani, jina la kipindi hiki hutajwa kana kwamba ni methali.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mji wa Springfield unapata dola milioni 3 zilizotokana na faini. Wananchi wanaitwa mkutanoni waamue fedha hizo zifanye nini. Mama wa nyumbani, Marge Simpson, anapendekeza barabara kuu iliyojaa mashimo ikarabatiwe, na watu wanakubali. Kabla uamuzi haujapitishwa anatokea mgeni aitwaye Lyle Lanley, anayewauzia treni inayopita juu ya reli moja iliyoinuliwa, ambayo hapa itaitwa monoreli. Mji mzima unaimba naye. Treni inajengwa, inaharibika siku ya uzinduzi na kukimbia ovyo hadi inasimamishwa kwa bahati, huku muuzaji akiwa tayari ameshapanda ndege na mkoba wa fedha.

Neno tashtiti limetumika hapa kwa maana ya sanaa inayofichua na kukosoa maovu ya jamii kwa kicheko. Halikutumika kwa ile maana iliyozoeleka katika vitabu vya shule, yaani swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Mkanganyiko huo wa istilahi umeachwa bila kutatuliwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Katika makala haya, ambayo kwa sehemu kubwa yanahusu maswali, ni vyema msomaji akatahadharishwa mapema.

Mji usio na mahali

Springfield ni jina la miji mingi katika majimbo mbalimbali ya Marekani, na watunzi wamefanya mzaha wa kudumu wa kutosema mji huu uko jimbo gani. Mbinu hii si ngeni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Sagamoyo ya Pauline Kea katika Kigogo na Tomoko ya Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea ni mahali pasipoonekana kwenye ramani yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna kiongozi anayeweza kudai amesingiziwa. Tofauti iko katika kipimo. Tamthilia na riwaya zetu za kisiasa aghalabu huumba nchi nzima au jimbo lenye mtawala anayeogopwa. Springfield ina baraza la mji, mkuu wa polisi, shule na barabara moja mbovu. Hakuna anayemwogopa meya. Anachaguliwa, anachekwa, na anachaguliwa tena.

Meya huyo, Quimby, ameigizwa kwa lafudhi ya ukoo wa Kennedy wa Massachusetts, na katika vipindi vingine nembo ya ofisi yake huonekana ikiwa na maneno ya Kilatini cha kubahatisha yanayomaanisha upotovu uliokithiri. Mzaha wa nembo unatafsirika bila shida. Mzaha wa lafudhi hautafsiriki. Mtafsiri atakayejaribu kumpa Quimby lafudhi ya Kiunguja, ya Kimvita au ya bara atakuwa amewatukana watu wa mahali fulani badala ya tabaka fulani la wanasiasa, na pengine ni heri aiache.

Mahakamani, kabla ya mkutano

Wachambuzi wengi huanza na wimbo. Wanaipita sehemu ya mwanzo ambayo, kwa mtu anayeshughulikia sera, ina uzito uleule. Fedha zinazogombewa hazikutoka kwenye kodi. Bwana Burns, mmiliki wa kinu cha nishati ya nyuklia, amekamatwa akificha mapipa ya taka zenye sumu ndani ya miti ya bustani ya umma. Anafikishwa mahakamani na kutozwa dola milioni 3. Anamwambia msaidizi wake atoe pochi mfukoni, analipa papo hapo, kisha anasema ataichukua pia sanamu ya Haki iliyomo ukumbini. Hakimu anamuuzia.

Mzaha huo unapita kwa sekunde chache. Hakuna rushwa iliyotolewa: faini imelipwa yote, hadharani, na stakabadhi ingeweza kuandikwa. Hata sanamu imenunuliwa kwa bei iliyokubaliwa. Kila hatua imefuata utaratibu, na bado mtazamaji anajua kwamba kilichouzwa hakikupaswa kuwa na bei. Kanuni ya kipindi kizima imewekwa hapo, na yatakayotokea mkutanoni ni kanuni hiyohiyo ikiendeshwa na umati badala ya hakimu.

Jambo la pili la kuangaliwa ni kwamba faini haikumuumiza mkosaji na hairudi kuusafisha mji. Hakuna anayependekeza fedha za taka zitumike kuondoa taka. Zimegeuka kuwa neema, na neema hutafutiwa starehe.

Mkutano

Mkutano wa wakazi wote kuamua mambo ya mji una mizizi mirefu kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako baadhi ya miji midogo mpaka leo hupitisha bajeti kwa kura za wakazi waliokusanyika ukumbini. Wamarekani wenyewe huuona utaratibu huo kama chimbuko la demokrasia yao. O'Brien ameuchagua ukumbi huo makusudi. Angeweza kumpeleka Lanley kwa meya faraghani, na kisa kingekuwa cha kawaida: mgeni, mwanasiasa, bahasha. Badala yake muuzaji anasimama mbele ya watu wote na kuomba kura yao.

Mapendekezo yanayotangulia yana mafunzo. Mwenye duka, Apu, anaomba polisi waongezwe kwa sababu amepigwa risasi mara nane mwaka huo. Mkuu wa polisi anamwona mtoto anayelialia. Bwana Burns anarudi amejigeuza sura kwa masharubu bandia na jina lililogeuzwa herufi nyuma mbele, akishauri fedha zirudishwe kwenye kinu. Hadaa yake inagunduliwa mara moja na kila mtu. Maana yake ni kwamba umati huu si mjinga kwa kila jambo. Unaitambua tamaa inapokuja na masharubu ya bandia. Hauitambui inapokuja na sifa.

Lanley hauanzi kwa kuueleza mradi. Anaanza kwa kuuondoa. Anadai wazo lake pengine linaufaa zaidi mji jirani wa Shelbyville, na anajifanya kuondoka. Meya anamzuia kwa wivu, akisema watu wa Springfield wana akili maradufu kuliko wale wa jirani, na kuahidi kwamba akilitaja tu wazo lake watalipigia kura. Kwa hiyo kura imeahidiwa kabla pendekezo halijasikika. Kwa lugha ya isimu ya mazungumzo, mfuatano umepinduliwa: jibu limetangulia swali. Yote yanayofuata ni mapambo ya uamuzi uliokwisha kufanywa.

Kisha unakuja wimbo. Umbo lake limeazimwa kutoka mchezo wa muziki wa Meredith Willson, The Music Man, uliooneshwa Broadway mwaka 1957, ambamo laghai anauuzia mji mdogo wa Iowa ala za bendi. Katika mchezo huo laghai anapata penzi, anatubu, na mji unafaidika. O'Brien amechukua umbo na kuutupa msamaha.

Wimbo wenyewe ni wa kuitikizana, na mpangilio wake ni wa swali na jibu. Mkazi mmoja anauliza kuhusu kelele za treni; Lanley anamjibu kwa tashbihi ya wingu. Mwingine anauliza kama reli inaweza kupinda. Anaambiwa haiwezekani kabisa. Mlevi wa mji anauliza yeye atapata nini; anaahidiwa kazi ya kustarehe. Mzee anauliza kama mgeni ametumwa na shetani; anakana. Kila jibu linamaliza ubeti kwa kina sawasawa na kina cha swali. Jibu linatosheleza vina, halitoshelezi swali. Hakuna namba, hakuna jina la mhandisi, hakuna ahadi iliyoandikwa. Ila kuna swali moja linalopata jibu la kweli: mkuu wa polisi analalamika kwamba pete ya kufungulia kopo lake imekatika, na Lanley anampa kisu cha mfukoni. Swali pekee lililojibiwa kwa msaada halisi ni lile lisilohusu treni hata kidogo.

Marge anajaribu kukumbusha kuhusu barabara. Tatizo ni kwamba analisema pingamizi lake ndani ya wimbo, kwa mizani ya wimbo, na mwanawe anamalizia kina kwa kumwarifu kwamba umati umekwisha kuamua. Kwa namna hiyo upinzani unageuzwa kuwa mshororo na kuufanya wimbo upendeze zaidi. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano ambao mpinzani "alipewa nafasi" kati ya ngoma na makofi atalielewa jambo hili bila maelezo.

Swali la mtoto darasani

Baada ya kura, Lanley anatembelea shule. Watoto wanauliza maswali yao. Bart, mtoto wa kiume wa Marge, anataka kujua kama treni inaweza kumshinda mbio shujaa wa vitabu vya katuni, na anajibiwa kwamba bila shaka inaweza. Dada yake, Lisa, mwenye umri wa miaka minane, anauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa ukumbini: mji mdogo ambao wakazi wake wamejikusanya mahali pamoja unahitaji monoreli ya nini?

Hili ni swali la mpangaji miji, nalo lina jibu la kitaalamu: hauihitaji. Lanley halikwepi kwa kudanganya kuhusu watu au umbali. Anamsifu muulizaji. Anasema angeweza kulijibu, ila katika chumba kile ni yeye na Lisa tu wangelielewa jibu, na hata mwalimu amewekwa nje. Mtoto anacheka kwa haya na kukaa kimya.

Katika isimujamii hali hii hueleweka kupitia dhana ya uso, yaani heshima ambayo kila mzungumzaji huilinda katika mazungumzo. Swali gumu huutishia uso wa anayeulizwa. Lanley anaunusuru uso wake kwa kuupamba uso wa muulizaji, na malipo anayoyadai ni kimya. Lisa, mhusika mwenye akili kuliko wote katika tamthilia hii, hanyamazishwi kwa vitisho. Ananyamazishwa kwa kuingizwa katika kundi la wajuao. Washauri wa sera wanaoketi katika kamati za wataalamu wana sababu ya kulitazama tukio hili mara mbili.

Mbinu mbili zimeonekana hadi hapa: kulijibu swali kwa uzuri wa maneno na kulijibu kwa sifa. Ya tatu inatokea Marge anapokwenda North Haverbrook, mmoja wa miji mitatu ambayo Lanley alijigamba kuiuzia monoreli. Anakuta mji uliokufa. Anapouliza habari za treni, mwanamke mmoja anakana kwa hasira kwamba haijawahi kuwapo, ilhali dalili zake zinaonekana kila upande. Ni Sebastian Cobb tu, aliyeisanifu treni ile, anayekiri kwamba Lanley alibana matumizi na kuweka vifaa hafifu. Aibu ya waliotapeliwa imekuwa ulinzi wa tapeli. Kwa kuwa North Haverbrook haisemi, Springfield haikuwa na pa kuuliza, na Lanley aliweza kuutaja mji ule mkutanoni kama ushahidi wa mafanikio. Pengine hiki ndicho kipengele chenye manufaa zaidi kwa watu wa sera, nacho ndicho kinachotajwa kwa nadra kuliko vyote.

Rushwa, hongo, ufisadi

Mtu akitaka kukieleza kisa hiki kwa Kiswahili, atalazimika kuamua Lanley ametenda kosa gani, na hapo msamiati wetu unakuwa chombo cha uchambuzi. Rushwa na hongo zote mbili zinadai mtoaji na mpokeaji. Hongo ina historia yake: katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru ambao misafara ya biashara iliwalipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita. Ni malipo ya kufunguliwa njia. Mlungula nao una kulazimisha ndani yake. Chai na kitu kidogo ni tasfida za malipo hayohayo. Maneno yote haya yanaelekeza jicho kwenye mkono unaotoa na mkono unaopokea.

Springfield haina mikono hiyo. Hakuna anayeoneshwa akimlipa Quimby. Kwa maana finyu ya rushwa, hakuna kosa la kuchunguzwa ukumbini mle.

Neno ufisadi lina uwanja mpana zaidi. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya msingi ni uharibifu, kitu kuoza kutoka ndani. Katika matumizi ya zamani fisadi alikuwa mpotoshaji, mtu anayewaharibu wengine kwa kuwashawishi, na aghalabu lilisemwa juu ya mahusiano ya mwanamume na mwanamke. Maana ya kisiasa iliyoenea Tanzania hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008 imeufifisha ushawishi huo na kubakiza wizi wa fedha nyingi. Lanley ni fisadi kwa maana zote mbili: ameutongoza mji, kisha ameuibia.

Tofauti hii inaonekana pia katika majina ya vyombo vya dola. Chombo cha Tanzania, kilichoundwa upya kwa sheria ya 2007, ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Tume ya Kenya iliyoundwa mwaka 2011 hutajwa kwa Kiswahili kwa maneno maadili na ufisadi. Ingekuwa kosa kudhani kwamba jina pekee linaamua utendaji. Hata hivyo, mwananchi anayekwenda kulalamika huanza na neno lililo mlangoni, na neno linaloelekeza kwenye malipo ya mkono kwa mkono halimsaidii sana mtu ambaye malalamiko yake ni kwamba mkutano mzima ulipigishwa makofi.

Miji miwili ya kweli

Tashtiti hutia chumvi. Swali la haki ni kama chumvi hiyo imetiwa kwenye chakula kilichopo. Visa viwili vya Marekani vinaweza kulinganishwa na Springfield.

Cha kwanza ni cha Bell, mji wenye wakazi wapatao 35,000 katika kaunti ya Los Angeles. Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wengi, ambao kazi yao ilikuwa ya muda tu, karibu dola 100,000 kila mmoja. Njia ilifunguliwa miaka mitano nyuma. Mwezi Novemba 2005 wakazi waliitwa kupiga kura ya kuupa mji katiba yake wenyewe, hatua iliyouondoa chini ya ukomo wa posho za madiwani uliowekwa na jimbo. Waliojitokeza hawakufika 400. Jambo hilo lilinadiwa kama uhuru zaidi wa mji kujiamulia mambo yake. Wakazi wengi wa Bell ni watu wa familia za wahamiaji wazungumzao Kihispania, na wengi hawakuwa na haki ya kupiga kura. Hapa tashtiti ya 1993 inaonekana karibu kuwa unabii: uharibifu uliopitishwa kwa kura, kwa maneno mazuri. Meneja huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014.

Kisa cha pili kinaelekea upande mwingine. Katika mji wa Dixon, Illinois, wenye watu wapatao 16,000, mdhibiti wa fedha aliiba zaidi ya dola milioni 53 kati ya mwaka 1990 na 2012. Alifungua akaunti ya siri kwa jina lililofanana na la mfuko wa akiba wa miradi ya maji taka, akahamishia humo fedha za mji na kuzitumia kwa maisha yake, ikiwamo ufugaji wa farasi wa mashindano. Wakaguzi walipita mwaka hadi mwaka bila kuliona. Aligunduliwa alipokuwa likizo, mwenzake alipoomba taarifa zote za benki na kukutana na akaunti asiyoijua. Hakukuwa na wimbo wala mgeni. Mwizi alikuwa mwenyeji aliyeaminiwa, na kwa miaka yote hiyo aliwaambia wenzake kwamba mji hauna fedha kwa sababu jimbo limechelewa kuzituma.

Dixon ndiyo inayoonesha mpaka wa kipindi hiki. Kwa kumfanya tapeli kuwa mgeni, O'Brien amewapa wenyeji unafuu. Meya Quimby, ambaye katika vipindi vingine ni mla rushwa wa wazi, hapa ni mpumbavu tu kama wengine. Treni inapokimbia ovyo, yeye na mkuu wa polisi wanabishana ni nani mwenye mamlaka, na katiba ya mji inapofunguliwa inagunduliwa kwamba mkuu wa polisi anastahili kupewa nguruwe mmoja kila mwezi. Mtazamaji anacheka, lakini hakuna anayeuliza ni nani alitia sahihi mkataba, nani alikagua treni ambamo familia ya wanyama pori imeweka makazi, wala kwa nini dereva, Homer Simpson, alikabidhiwa usukani baada ya mafunzo mafupi kiasi kile. Lawama inaangukia umati. Hilo ni jepesi mno. Umati ulikosea kwa dakika chache za wimbo; wenye ofisi walikuwa na muda wote wa ujenzi.

Inafaa pia kusema kwamba mwenye ukweli katika kisa hiki ni mwanamke asiye na cheo, na kwamba kipindi kinamwacha asafiri peke yake kuutafuta ushahidi. Wapo waliolisifu jambo hilo kama ushujaa. Linaweza vilevile kusomwa kama maelezo ya mji ambao kazi ya ukaguzi imeachiwa hiari ya mtu mmoja.

Mkutano na muhtasari wake

Kwa nini mambo haya yaletwe mbele ya wataalamu wa Kiswahili? Kwa sababu mkutano wa aina ya Springfield si jambo la Marekani pekee. Tanzania, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unawajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 196 inayataka mabunge ya kaunti 47 kuuwezesha. Sehemu kubwa ya mikutano hiyo huendeshwa kwa Kiswahili. Ubora wake, basi, ni suala la lugha kabla haujawa suala la fedha.

Sanaa yetu ya tashtiti bado haijaufikia ukumbi huo ipasavyo. The XYZ Show ya Kenya, iliyoanza mwaka 2009 kwa ubunifu wa mchoraji Gado, ilitumia vikaragosi kuwasuta wanasiasa, na waliosutwa zaidi walikuwa wakuu wa kitaifa. Diwani, mtendaji wa kata na mkandarasi wa barabara ya kijijini hawajapata katuni yao.

Kwa upande wa sera, uthibitisho wa ushirikishwaji mara nyingi huwa karatasi mbili: orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na muhtasari wa kikao. Springfield ingefaulu mtihani huo kwa alama za juu. Mahudhurio yalikuwa kamili, mjadala ulikuwapo, na uamuzi ulipita kwa kauli moja. Muhtasari unaosema kwamba baada ya majadiliano wajumbe waliafiki hauwezi kumtofautishia msomaji mkutano ulioshauriana na mkutano ulioimbishwa.

Kinachoweza kuutofautisha ni kuandikwa kwa kila swali kama lilivyoulizwa, jibu kama lilivyotolewa, na mahali pa kuonesha iwapo jibu limekuja na kielelezo: gharama, jina la mhandisi, mkataba, au jina la mahali pengine mradi kama huo ulipojengwa pamoja na namna ya kuwapata watu wa huko. Kipengele hiki cha mwisho kisidharauliwe. Safari ya Marge kwenda North Haverbrook ingefanywa kabla ya kura, kwa nauli ya baraza, ingegharimu kiasi kidogo sana kulinganisha na dola milioni 3.

Kuna pia pengo la lugha ambalo Springfield, mji wa lugha moja, haikulijua. Pale mkataba unapoandikwa kwa Kiingereza na mkutano kuendeshwa kwa Kiswahili, maneno yanayopigiwa makofi siyo yatakayotiwa sahihi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Hatua inayofuata kimantiki ni kuhakikisha kwamba hati ya mradi inayojadiliwa kijijini inawafikia wajumbe kwa Kiswahili, siku kadhaa kabla ya mkutano, ili mwenye swali awahi kulitunga kabla hajasikia wimbo.